Dawa mbili na bado anaanguka: je, kifafa cha binti yangu kimeshindikana?

*"Shikamoo daktari. Naishi Pasua, Moshi. Binti yangu ana miaka 8, kilo 24. Alipozaliwa alichelewa kulia. Alianza kuanguka akiwa na miaka 3, akapewa fenobabitoni, vidonge viwili vya miligramu 30 kila usiku, na mpaka leo anatumia hivyo hivyo. Mwaka jana wakamwongezea karbamazepini ya 200, nusu asubuhi na nusu usiku. Kule kuanguka kwa kukakamaa na kutetemeka kumepungua kidogo, lakini kumekuja kingine: anaduwaa, macho yanaganda, kijiko kinamtoka mkononi, mara nyingi kwa siku. Siku nyingine anadondoka ghafla bila hata kutanguliza mikono, ameshapasuka kidevu. Kuna kipindi dawa zilikosekana tukakaa karibu wiki mbili bila. Sasa nimeambiwa iongezwe valproeti, ziwe dawa tatu. Jirani anasema mwili umeshazizoea, bora niache. Mwingine kanitajia mafuta ya bangi. Shemeji anataka tuchangishane tumpeleke India. Shuleni mwalimu analalamika kwamba mtoto analala tu. Je, hiki ndicho kile kifafa kisichosikia dawa? Niongeze, niache, au kwanza nimtoe shule?"*

Marahaba, mama. Umeandika mambo ambayo wazazi wengi huyaacha: uzito wa mtoto, miligramu za kidonge, na zile wiki mbili bila dawa. Bila hayo nisingeweza kukujibu kitu cha maana.

Unachoogopa ni kwamba binti yako yumo katika kundi la watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa, na kwamba kuanzia sasa ni kubahatisha tu. Kwa ulichoeleza, mimi sijafika huko. Ninaona dawa mbili ambazo hakuna hata moja iliyopewa nafasi yake kamili, na nashuku kwamba mojawapo inachochea sehemu ya tatizo.

Mwaka 2010 shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kifafa, ILAE, lilikubaliana kwamba kifafa kiitwe sugu pale dawa mbili zinaposhindwa kukomesha degedege. Lakini dawa hizo ziwe zimechaguliwa sawasawa kwa aina ya kifafa cha mgonjwa, zimetumiwa kwa kiasi kinachotosha, na mwili wake umezivumilia. Watu wengi, hata baadhi yetu wahudumu, tunaikumbuka ile namba mbili na kuyasahau masharti. Tuyapitie kwa mtoto wako.

Anza na fenobabitoni. Mtoto wa miaka 3 huwa na kilo 13 au 14 hivi. Miligramu 60 kwa kilo 13 ni kama 4.6 kwa kila kilo, kiasi kizuri kabisa. Leo ana kilo 24, na miligramu 60 zilezile zimekuwa 2.5 kwa kila kilo. Hakuna aliyempunguzia dawa. Amekua, na dawa imebaki pale pale. Karbamazepini nayo, miligramu 200 kwa siku kwa uzito wake, ni kama 8 kwa kilo, wakati watoto wengi huhitaji kati ya 10 na 20. Naomba unielewe vizuri hapa: sikuambii uongeze kidonge usiku wa leo. Nakuambia kwamba kila anapohudhuria kliniki apimwe uzito, na umuulize daktari kwa sauti, "Kwa kilo hizi, dawa inatosha?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Zile wiki mbili bila dawa nazo zina uzito wake. Fenobabitoni hutoka mwilini polepole, na ikikatwa ghafla ubongo ulioizoea unaweza kulipuka kwa degedege zisizokatika, jambo ambalo linaua. Kwa hiyo ushauri wa jirani wa kuacha dawa ndio ninaoupinga kwa nguvu kuliko yote uliyonitajia. Dawa ikikaribia kuisha na zahanati hawana, usingoje kidonge cha mwisho. Nenda kituo kingine au duka la dawa ukiwa na jina la dawa na miligramu zake vimeandikwa, maana rangi na umbo la kidonge hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Hata hivyo jirani yako hajatunga uongo mtupu. Kuna kitu watu wamekiona wakakieleza vibaya. Karbamazepini huliamsha ini liivunje kwa kasi zaidi, kwa hiyo baada ya wiki tatu au nne za mwanzo kiwango chake kwenye damu hushuka ingawa mtoto anameza kiasi kilekile. Fenobabitoni nayo huliamsha ini hilohilo, ikazidi kuiangusha karbamazepini. Mzazi anaona nafuu ya mwezi mmoja kisha kurudi nyuma, anasema mwili umezoea. Tiba yake ni kupanga upya kiasi. Dawa ambazo ubongo wenyewe huzizoea kweli zipo, zile za jamii ya diazepamu, kama klobazamu na klonazepamu, na ndiyo maana tunaangalia sana kabla ya kumpa mtoto mfululizo.

Sasa nije kwenye lile linalonisumbua zaidi katika barua yako: kuduwaa na kudondoka kulikokuja baada ya karbamazepini.

Seli za ubongo huzungumza kwa umeme. Umeme huo huzaliwa pale chembe za sodiamu zinapoingia ndani ya seli kupitia vijilango kwenye ngozi yake. Zipo kemikali zinazoichochea seli ifyatue, na ipo moja, GABA, ambayo kazi yake ni kuituliza. Degedege hutokea kundi kubwa la seli likifyatua kwa pamoja bila kutulizwa. Karbamazepini hubana vijilango vya sodiamu ili seli isifyatue mfululizo. Fenobabitoni huipa nguvu GABA. Kwa degedege linaloanzia sehemu moja ya ubongo, kubana vijilango ni kazi nzuri sana. Lakini kule kuduwaa kwa sekunde chache hutokana na kitu kingine: mzunguko wa umeme unaokwenda na kurudi kati ya gamba la ubongo na kiini chake cha ndani kiitwacho thalamasi. Karbamazepini haiukati mzunguko huo, na kwa watoto wengi huupa nguvu. Waliokulia mlimani wanaijua mifongo, ile mifereji ya kumwagilia mashamba: ukiziba lango moja bila kujua maji yanaelekea wapi, mgomba wa jirani ndio unaofurika. Mshtuko mkubwa unapungua, kuduwaa na kudondoka kunaongezeka.

Ninashuku hivyo, sijathibitisha. Kuduwaa kuna namna mbili, na tiba zake zinapishana kabisa. Kama anaganda kwa sekunde tano au kumi, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya kana kwamba hakuna kilichotokea, na inajirudia mara nyingi kwa siku, basi karbamazepini ni dawa isiyomfaa. Kama anaganda kwa dakika moja au zaidi, anatafunatafuna au anapapasa nguo, halafu anabaki amechanganyikiwa kwa muda, hilo huenda ni degedege la sehemu moja ya ubongo, na hapo karbamazepini ni dawa sahihi iliyopewa kwa uchache. Mimi siwezi kutofautisha kwa barua. Simu yako inaweza. Mrekodi anapoduwaa na anapodondoka, hata mara tatu tu, sura na mikono vikionekana, umwonyeshe daktari. Video ya sekunde ishirini imeshanifundisha mengi kuliko maelezo ya nusu saa. Halafu omba rufaa kwa daktari wa watoto, hospitali ya Mawenzi au KCMC, uulizie kipimo cha umeme wa ubongo. Kipimo hicho kikitoka safi hakimaanishi hana kifafa, lakini kikionyesha alama za mzunguko niliouelezea, swali la karbamazepini limejibiwa.

Usishangae wala usione aibu ukielekezwa dirisha la kliniki ya afya ya akili. Katika hospitali zetu nyingi dawa za kifafa hutolewa huko kwa utaratibu tu. Mtoto wako hana ukichaa, na povu lake haliambukizi mtu.

Kuhusu valproeti: wazo la aliyekushauri si baya. Valproeti inafanya kazi kwa aina nyingi za degedege, kuduwaa na kudondoka zikiwemo. Ninachotilia shaka ni kuirundika juu ya zile mbili. Valproeti huzuia ini lisiivunje fenobabitoni, hivyo fenobabitoni hupanda kwenye damu bila kidonge kuongezwa, na mtoto anayelala darasani leo atalala hata mezani. Ningependa daktari wake azungumze habari ya kubadilishana: valproeti ianze kidogo kidogo na ipande, karbamazepini ishuke taratibu kwa wiki kadhaa ikionekana kweli ndiyo mchochezi, kisha fenobabitoni itazamwe. Mtoto kwa dawa moja iliyofikishwa kiwango chake, au mbili zinazoelewana, mara nyingi huwa salama kuliko mtoto kwa dawa tatu za nusunusu.

Ana miaka 8, kwa hiyo na hili lazima niliseme mapema. Valproeti huharibu mimba. Karibu mtoto 1 kati ya 10 wanaozaliwa na mama anayeitumia huwa na kasoro kubwa ya mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Kwa sasa hilo halimhusu. Lakini akikaribia kuvunja ungo, mtu akumbuke kuuliza kama anaweza kuhamishiwa dawa nyingine, na mtu huyo huenda ukawa wewe. Pia katika miezi ya mwanzo ya dawa hii, mtoto akianza kutapika mfululizo, kulegea isivyo kawaida, au macho kuwa ya njano, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Ni mara chache, lakini ini linaweza kudhurika.

Na kama yote yakirekebishwa na bado anaanguka? Hilo linawezekana, sitakuficha. Mtoto aliyechelewa kulia, anayeduwaa na kudondoka, anaweza kuwa na aina ya kifafa iliyo ngumu kweli, kama ile iitwayo Lennox-Gastaut. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Glasgow, Uskoti, uliowafuatilia wagonjwa 470 ambao hawakuwahi kutumia dawa, vijana na watu wazima. Asilimia 47 waliacha kuanguka kwa dawa ya kwanza. Dawa ya pili au ya tatu iliongeza asilimia 14. Kuchanganya dawa mbili kuliongeza asilimia 3. Waliobaki waliendelea kuanguka, zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana naipa uzito mkubwa ile nafasi ya kwanza na ya pili, na sioni sababu ya kuzipoteza kwa kiasi kisichotosha.

Kwa nini wengine hawasikii? Wakati mwingine kwenye ubongo kuna kovu ambalo dawa haiondoi, inazuia tu cheche zake. Wakati mwingine vijilango vyenyewe vimeumbwa tofauti tangu kuzaliwa. Kwa hiyo chanzo kitafutwe. Hapa kwetu, utafiti uliofanywa Wilaya ya Hai kwa watoto wenye kifafa ulionyesha uhusiano na matatizo ya wakati wa kuzaliwa, jambo linaloendana na historia ya binti yako. Jingine la Kaskazini ni tegu wa nguruwe: mayai yake yakimezwa kupitia maji, mboga au mikono isiyo safi, vifuko vyake hukaa kwenye ubongo na kuleta degedege. Si lazima mtoto awe amekula nguruwe. Picha ya ubongo ndiyo inayoonyesha, na kama hajawahi kupigwa, ni halali kuiulizia.

Dawa nyingine zipo. Levetirasetamu haigombani na nyingine na ni rahisi kupandisha, ila baadhi ya watoto huwa wakali na wenye hasira. Mwalimu atakuwa wa kwanza kuona. Lamotrijini inaelewana na valproeti kwa kudondoka, lakini ni lazima ianze kwa kiasi kidogo mno na kupanda kwa wiki nyingi, kwa sababu ikiharakishwa, hasa pamoja na valproeti, inaweza kuchubua ngozi na midomo kwa namna ya kutisha. Topirameti humfanya mtoto asitoe jasho vizuri na huchelewesha maneno. Bei na upatikanaji wake hutofautiana, kwa hiyo kabla ya kuanza uliza kama utaipata mwezi wa sita kama ulivyoipata wa kwanza. Dawa nzuri inayokatika ni hatari.

Mafuta ya bangi. Naelewa habari hizo zinatoka wapi. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa iliyosafishwa kutoka mmea huo, kanabidioli, kwa aina chache za kifafa kigumu. Katika utafiti wa watoto wenye aina iitwayo Dravet, degedege zilipungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 43 ya waliopewa dawa hiyo, na kwa asilimia 27 ya waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na tiba ndani yake. Ni msaada wa kweli, lakini hata huko haikuwa ya kwanza kutumiwa, na huongezwa juu ya dawa nyingine huku ini likipimwa, hasa kwa anayetumia valproeti. Chupa anayouza mtu mtaani haijulikani ina nini, mara nyingi ina kile kinacholevya, na sheria yetu inaikataza. Usimpe.

India, sasa. Upasuaji wa kifafa ni tiba halisi. Mwaka 2017 madaktari wa New Delhi walitoa matokeo ya watoto na vijana 116 ambao dawa zilishindwa: mwaka mmoja baadaye asilimia 77 ya waliopasuliwa hawakuwa wakianguka, dhidi ya asilimia 7 ya walioendelea na dawa tu. Matokeo makubwa, na hata hivyo wale walichaguliwa kwa vipimo kwa sababu degedege zao zilikuwa na mahali panapoweza kukatwa au kutenganishwa. Bila vipimo vya hapa, shemeji atachangisha mamilioni kwa ajili ya kwenda kuambiwa arudi arekebishe dawa. Pesa ya kwanza iende kwenye nauli ya KCMC, kipimo cha umeme na picha.

Kuna pia chakula maalumu chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, kinachotumika tangu miaka ya 1920. Utafiti wa London wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba miezi mitatu baadaye asilimia 38 ya watoto waliokula hivyo walipungukiwa na degedege kwa zaidi ya nusu, na asilimia 6 tu ya ambao hawakuanza. Kwa nyumba inayokula ugali, wali na ndizi si jambo dogo, na kukianza bila mtaalamu wa lishe kunaweza kumdhuru mtoto. Nakitaja ili ujue kwamba dawa zikiisha, njia hazijaisha.

Ukitaka kumwombea, mwombee, na vidonge ameze saa yake. Ukienda kwa mchungaji au sheikh, mwambie mtoto anatumia dawa ambayo haikatwi. Mitishamba ya kunywa naomba uiache, kwa sababu hatujui inafanya nini na dawa zilizomo kwenye ini.

Nyumbani, kinachoniogopesha ni jiko. Mtoto anayedondoka bila onyo asikae karibu na jiko la mkaa, asichote maji kisimani peke yake, na aoge kwa beseni na kopo akiwa amekaa, mlango usifungwe kwa komeo. Kofia ngumu wakati wa kucheza inaokoa kidevu na paji la uso. Akianguka, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimwekee kijiko mdomoni, usimmwagie maji, usimkamate kwa nguvu. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, ni hospitali mara moja, usiku au mchana. Vivyo hivyo akianguka ndani ya maji, akipata homa kali na shingo ikakakamaa, akitokewa na vipele au vidonda vya mdomo baada ya dawa mpya, au akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo.

Na shule: usimtoe. Kulala kwake darasani kunaweza kuwa ni fenobabitoni, kunaweza kuwa ni mchoko baada ya degedege za usiku ambazo hujaziona, na baadhi ya "usingizi" anaouona mwalimu huenda ni kule kuduwaa. Mwombe mwalimu akuandikie kwenye daftari kwa wiki mbili: saa ngapi, amefanya nini, muda gani, ameamkaje. Mweleze jinsi ya kumlaza ubavu, na umwambie wenzake wasimkimbie. Daftari hilo, video za simu, pakiti za dawa zote na kilo za leo, vifunge pamoja uende navyo kliniki. Ukikuta daktari ana foleni ndefu na dakika tano tu, anza na hili: "Alianza kuduwaa na kudondoka baada ya karbamazepini, na fenobabitoni haijapandishwa tangu akiwa na miaka mitatu."